Freddie Mercury wa jukwaani, Farrokh wa nyumbani: jibu kwa mwimbaji wa Bagamoyo

Swali la msomaji: "Mimi ni msichana wa miaka 23, naimba kwenye bendi yetu ndogo ya roki hapa Bagamoyo. Mtaani kwetu Dunda ninajulikana kwa upole, hata salamu natoa kwa sauti ya chini. Nikipanda jukwaani nageuka: nanguruma, natamba, naruka mpaka wimbo wa mwisho. Sasa majirani wanasema nina sura mbili, na mama ameanza kuona aibu. Nasikia Freddie Mercury naye alikuwa hivyo hivyo. Je, ni kweli au ni mambo ya filamu tu? Na kama ni kweli, yeye alifanyaje, na mimi nifanyeje?"

Jibu

Mdogo wangu, ni kweli. Filamu nayo, ile iitwayo "Bohemian Rhapsody", imetia chumvi mahali pengi, hilo nitalieleza.

Freddie alikuwa mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Mtu aliyewaendesha watu wapatao 72,000 kwa sauti yake peke yake katika uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, ndiye huyo huyo aliyekuwa akinywea kwenye sebule yenye wageni asiowafahamu. Mwenyewe alilisema jambo hili kwenye mahojiano: jukwaani ni mtu wa kujitokeza, lakini ndani ni mtu mwingine kabisa. Hakuliona kuwa kasoro, na wewe usilione hivyo. Ile sura ya jukwaani aliitengeneza kipande kwa kipande, na kila kipande kilikuwa na kazi yake. Ukivijua vipande hivyo utaweza kutengeneza vyako, na utajua pia ni wapi mambo yalimwendea kombo.

Majirani zako wanalifahamu jambo hili kuliko wanavyokiri. Mwimbaji wa taarabu anasimama usiku, anarusha vijembe mpaka watu wanainuka na noti kwenda kumtunza, na kesho yake asubuhi anakutana nao sokoni wakasalimiana na kuulizana hali za watoto. Hakuna anayemwita mnafiki, kwa kuwa kila mtu anajua taarabu ina desturi zake. Kwako wameshtuka kwa sababu muziki wenyewe ni mgeni masikioni mwao. Wape muda, lakini wakati huo huo fanya kazi niliyoieleza huko chini.

Kwanza tumjue mwenyewe. Freddie Mercury, kwa jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, ng'ambo tu ya mkondo kutoka hapo ulipo. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wa dini ya Zoroasta waliotoka Gujarat, India, na baba alikuwa keshia kwenye ofisi ya serikali ya kikoloni. Wako wanaodhani alikuwa Mwislamu kwa kuwa neno "Bismillah" limo katika wimbo wake mkubwa, "Bohemian Rhapsody". Hapana, na mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa Kizoroasta. Akiwa na miaka 8 hivi alipelekwa shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, kusini-mashariki mwa Bombay, India. Huko ndiko alikojifunza piano, akaanza kuitwa Freddie, na akapiga kwenye bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, magharibi mwa London. Alikuwa na miaka 17.

Zingatia kilichofuata, maana wengi hukiruka. Alisomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing na kupata diploma mwaka 1969. Yaani kabla hajawa mwimbaji maarufu alikuwa tayari amefundishwa kutengeneza picha: alama gani itakumbukwa, rangi gani inasomeka ukiwa mbali, umbo gani halichanganyiki na jingine. Bendi ilipoanza mwaka 1970 yeye ndiye aliyeipa jina la Queen. Yeye ndiye aliyechora nembo yake kwa kutumia nyota za kuzaliwa za wanachama wanne: simba wawili kwa ajili ya Roger Taylor na John Deacon, kaa kwa ajili ya Brian May, na visichana wawili wa hadithini wenye mabawa kwa ajili yake mwenyewe aliyezaliwa chini ya Mashuke. Na ni yeye aliyeacha Bulsara akawa Mercury. Sura ya jukwaani ilianzia mezani, kwa penseli.

Sasa filamu. Ile ya mwaka 2018 imewafanya vijana wengi waamini kwamba Queen ilikuwa imevunjika kabla ya tamasha la Live Aid, lile la Wembley la Julai 1985, na kwamba Freddie aliwaambia wenzake kuhusu ugonjwa wake kabla ya kupanda jukwaa lile. Yote mawili si kweli. Bendi ilikuwa imemaliza ziara yake Japani mwezi Mei 1985, miezi miwili tu kabla. Majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI aliyapata mwaka 1987, wakati onyesho la mwisho la Queen pamoja naye, la Knebworth tarehe 9 Agosti 1986, lilikwisha kupita. Filamu pia inamwonesha kama aliyewasaliti wenzake kwa kutoa albamu ya peke yake mwaka 1985, ilhali Roger Taylor alikuwa ametoa yake tangu 1981. Nayasema haya kwa uzito, kwa sababu hadithi iliyopotoshwa inakufundisha kwamba Live Aid lilikuwa kilio cha mtu anayekufa. Lilikuwa tunda la mazoezi. Walijifungia siku kadhaa katika ukumbi wa Shaw Theatre, London, wakakata nyimbo zao na kuzipima kwa saa. Walipewa dakika kama 20, na hawakupoteza hata moja kwa wimbo mpya ambao watu hawaujui. Walianza na kipande cha piano cha "Bohemian Rhapsody", wakaukata katikati, wakaingia "Radio Ga Ga" ambao uwanja mzima unajua lini upige makofi. Bendi nyingi zilipanda siku hiyo kama zinafanya onyesho la kawaida. Queen walipanda na dakika zilizokwisha kupimwa.

Vipande vyenyewe sasa. Nitakaa kidogo hapa.

Ile nusu ya stendi ya maiki ilitokana na ajali. Siku za mwanzo stendi ilimkatikia katikati ya onyesho, akaendelea na kipande cha juu, halafu akaona kinamfaa na akakitumia maisha yake yote. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kifaa kilichomsaidia kuliko vyote, kwa sababu shida ya kwanza ya mtu mwenye haya akiwa jukwaani ni mikono. Hajui aiweke wapi. Fimbo ile iliipa mikono kazi: mara gitaa, mara upanga, mara bakora ya mfalme. Ukitaka kuijaribu, chukua stendi iliyonyooka, fungua bomba la juu, hakikisha halizidi sentimita 80, na mwisho wake uuzibe kwa kifuniko cha mpira ili usimchome mwenzako. Waya wa maiki ufunge kwenye bomba kwa tepu ya umeme sehemu mbili, moja karibu na maiki na nyingine chini, ili ukivuta, uzito uishie kwenye bomba na usiing'oe plagi. Maiki ya kawaida ya jukwaani ina gramu 300 hivi. Ukiongeza bomba, mkono utachoka wimbo wa tatu kama hukufanya mazoezi nalo nyumbani. Na usilizungushe mbele ya spika ya monita, maana maiki itapiga mluzi na watu watashika masikio. Kwa sababu hiyo hiyo, usifumbate kichwa cha maiki kwa kiganja. Shika chini ya kichwa, acha sentimita 3 hadi 5 kutoka mdomoni, na unaponguruma irudishe nyuma mpaka kama 15.

Mavazi. Miaka ya 1970 alivaa nguo za kubana za mchezaji wa baleti, kucha nyeusi, na lile vazi jeupe lenye mabawa lililoshonwa na Zandra Rhodes. Mwaka 1980 akakata nywele na kufuga masharubu. Baadhi ya mashabiki, hasa Marekani, walimtupia nyembe jukwaani wakitaka anyoe. Hakunyoa. Kilichobaki katika sura zote hizo ni kanuni moja, kwamba mtu wa safu ya mwisho amtambue kwa umbo tu. Angalia alivyovaa Live Aid: fulana nyeupe isiyo na mikono, jinzi iliyopauka, mkanda wenye vifungo vya chuma, bangili ya namna hiyo hiyo mkononi, na viatu vyepesi vya wacheza mieleka. Mchana, juani, rangi nyeupe ndiyo inayoonekana mbali, na viatu vile havitelezi.

Kwa Bagamoyo, joto na unyevu ndivyo vitakavyokuamulia. Vaa pamba. Vitambaa vya kung'aa vya nailoni havipitishi hewa, na utaishiwa nguvu kabla ya nusu ya onyesho. Lete nguo ya juu ya pili, ubadilishe katikati. Nguo mpya ivae mazoezini angalau mara mbili, uruke nayo, uchuchumae, uinue mikono yote juu, maana mshono wa kwapani ndio unaofumuka kwanza. Hapo ndipo nakupa ushauri utakaomtuliza mama kuliko maneno: chagua vazi moja ambalo huvai mahali pengine popote. Si sokoni, si kwenye harusi ya binamu, si kwenye picha za mtandaoni ukiwa nyumbani. Likikaa ndani ya begi lake, mtaa wenyewe utajifunza kutofautisha.

Kisha kuna kile kitu chake cha kupokezana sauti na umati, ile "ee-oo" yake. Wengi wanakiona kama majivuno, lakini kina hesabu nzuri ndani yake. Anaanza na noti mbili rahisi ambazo kila mtu anaziweza. Umati ukijibu vizuri anaongeza urefu, halafu anapanda, halafu anaweka nakshi kidogo, na mwisho anatupa moja ngumu ambayo hawataiweza ili wacheke. Dakika moja hivi, basi. Wewe hilo huhitaji kulifuata Uingereza, ngoma zetu zina mwimbishaji na waitikiaji tangu zamani. Kosa linalofanyika sana ni kuanza na kipande kigumu. Umati ukishindwa mara ya kwanza unaona haya, na hautajibu tena usiku kucha.

Na usidhani mtu yule alijitegemea kwa kipaji cha kuzaliwa. Vitu vyake vilipopigwa mnada London mwezi Septemba 2023, kulikuwa na kurasa za rasimu za "Bohemian Rhapsody" zilizoandikwa kwa mkono kwenye karatasi za shirika la ndege la British Midland. Mistari imekatwakatwa, na juu ya ukurasa mmoja jina la wimbo lilikuwa "Mongolian Rhapsody", likafutwa. Wimbo huo wa dakika 5 na sekunde 55, uliotoka Oktoba 1975, unasikika kama uliotoka kwa pumzi moja. Karatasi zinaonesha vinginevyo.

Sauti nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima mazungumzo yake katika mahojiano na kukuta sauti yake ya kuongea ina wastani wa mitetemo kama 117 kwa sekunde, ambayo ni ya mwanamume wa sauti nzito kiasi. Lakini aliimba juu, kwenye eneo la "tenor", yaani sauti ya juu ya kiume. Yaani hata sauti ile tunayoijua ilikuwa ya kazini. Wakati anavuta noti, mtikisiko wake ulikwenda mara 7 hivi kwa sekunde, upesi kuliko ilivyo kawaida kwa waimbaji. Meno yake ya mbele yalisukumwa nje na meno manne ya ziada nyuma ya kinywa. Akicheka mbele ya watu, mara nyingi alikuwa akiuziba mdomo kwa mkono au kwa mdomo wa juu. Akiimba, mdomo huo huo aliufungua wote mbele ya kamera za dunia nzima. Alikataa kuyarekebisha kwa hofu kwamba sauti ingebadilika.

Usimwige katika kuilinda sauti, kwa sababu hakuilinda vya kutosha. Alivuta sigara, na alipata vinundu kwenye nyuzi za sauti vilivyomsumbua kwenye ziara. Alichofanya vizuri ni kutojidanganya: katika maonyesho mengi alishusha noti za juu kabisa alizoimba studio, na Roger Taylor, ambaye sauti yake ilikwenda juu zaidi, akazibeba. Fanya hivyo. Onyesho likizidi saa moja, shusha nyimbo zako ngumu kwa nusu toni au toni nzima, na mgawie mwenzako mistari ya juu. Kabla ya kupanda, tumia dakika 15: tano za kutetemesha midomo huku ukitoa sauti laini, tano za kupanda na kushuka ngazi kwa "mmm", tano za kuimba beti zako kwa nusu ya nguvu. Kunywa maji kidogo kidogo, nusu lita katika saa iliyotangulia, usiyanywe yote mara moja. Ukumbi wa wazi karibu na ufuko una maadui wawili. Wa kwanza ni upepo: wakati wa kaskazi unavuma kutoka baharini na kuingia kwenye maiki kama ngurumo, kwa hiyo beba kofia ya sponji ya maiki yako mwenyewe. Wa pili ni moshi wa jiko la mishkaki, ambalo wenye ukumbi hupenda kuliweka ubavuni mwa jukwaa. Nenda mapema uombe lisogezwe upande ambao upepo unaelekea. Watakubali ukiomba saa kumi jioni, hawatakubali ukiomba saa mbili usiku.

Halafu kuna kuivua hiyo sura, na hapo ndipo waimbaji wengi wa hapa nyumbani wanapoharibikiwa. Wimbo wa mwisho ukiisha, mtu anashuka moja kwa moja kwenye meza za mashabiki, bado moyo unakwenda mbio, bado anatamba, anapiga kelele kuishinda spika. Anaharibu mambo mawili kwa pamoja. Sauti inaweza kuumia sana katika nusu saa hiyo ya kupiga soga. Na maneno anayotoa ni ya yule mtu wa jukwaani, lakini aliyeketi mezani anayachukua kama ya mwenyewe. Jirani yako anayesema una sura mbili, nina hakika alikuona hapo, wala hakukuona kwenye wimbo. Weka dakika 20 kati ya jukwaa na watu. Kaa nyuma, badili nguo zote pamoja na viatu, futa rangi usoni, vuma "mmm" taratibu kwa dakika tano mpaka sauti irudi chini, kula kitu. Ndipo utoke, ukiwa msichana wa Dunda anayetoa salamu kwa sauti ya chini.

Freddie alikuwa na mahali pa kurudia. Mwaka 1980 alinunua Garden Lodge, nyumba kubwa yenye bustani na ukuta mrefu katika mtaa wa Kensington, London. Humo alikuwa mtu wa paka, samani za kale, michoro ya Kijapani na vyombo vya kioo. Paka aliwapenda kiasi kwamba akiwa ziarani alipiga simu nyumbani azungumze nao. Mnada ule wa 2023 ulikuwa na vitu zaidi ya 1,400 kutoka nyumba hiyo, na kati yake kulikuwa na kichana kidogo cha fedha cha kuchania masharubu. Alikuwa na watu wachache mno. Mary Austin, aliyeishi naye kama mchumba kwa takribani miaka sita, uhusiano ulipobadilika alibaki kuwa mtu wake wa karibu kuliko wote, na ndiye aliyemrithisha nyumba. Jim Hutton, mpenzi wake wa miaka ya mwisho, kinyozi kwa kazi, alihudumia bustani na kukaa naye mpaka mwisho. Kulikuwa na msaidizi, Peter Freestone, na mpishi, Joe Fanelli. Magazeti alikuwa hayapendi, na mahojiano aliyatoa kwa nadra. Magazeti nayo yalimlipa kwa kumwita mwenye kiburi.

Kwa wazazi wake hakujieleza kwa mapana, ila hakuwakata. Alikwenda kuwaona, na mbele yao aliishi kwa adabu ya nyumba ile. Wako wanaosema aliona aibu kwa asili yake kwa kuwa Unguja na India hakuzitaja sana hadharani. Mimi naona wanamwonea. Mtu huyu hakuzungumzia sana chochote cha faragha, asili yake ikiwa kimojawapo tu.

Ilikofika pagumu ni kwenye ugonjwa. Kuanzia 1987 alijua. Hakutangaza, akaendelea kurekodi: albamu ya 1989, kisha ile ya Februari 1991. Tarehe 30 Mei 1991 alipigwa video yake ya mwisho, "These Are the Days of Our Lives". Itazame kwa jicho la fundi. Imetolewa kwa nyeusi na nyeupe, na ana rangi nyingi usoni, kwa sababu rangi halisi ya ngozi ingemfichua. Karibu hatembei kabisa, anaimba kwa mikono na macho tu. Amevaa kizibao kilichochorwa paka wake. Kila kipande cha sura ya jukwaani kimepunguzwa mpaka kibaki kile ambacho mwili bado uliweza, na hapo hapo, kifuani, ameweka kitu cha nyumbani kwake. Sijui kazi nyingine yake inayostahili heshima zaidi.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwamba ana UKIMWI. Sababu aliyotoa ya kukaa kimya ni kulinda faragha ya watu wa karibu naye. Siku iliyofuata akafariki, akiwa na miaka 45. Majivu yake yaliwekwa mahali ambapo hapajatangazwa mpaka leo.

Alikuwa na haki ya kunyamaza, na ninaitetea haki hiyo bila kusita. Kilichogharimu ni kingine. Wapigapicha walikuwa wamepiga kambi getini, mwili ulikuwa unaonekana wazi umepungua, na wenzake, Brian May akiwemo, walilazimika kukana mbele ya waandishi. Ukimya unaweza kuubeba peke yako. Uongo unahitaji watu wa kukusaidia kuubeba, na hao nao wanaumia. Pia ukumbuke wakati wenyewe: mwaka 1987 ndio dawa ya kwanza ya virusi hivyo iliidhinishwa, na tiba ya dawa mchanganyiko iliyobadilisha mambo ilikuja 1996. Leo ARV zinatolewa bure kwenye vituo vya afya vya serikali, na hapa Tanzania sheria ya mwaka 2008 inakataza kutoa hali ya mtu ya maambukizi bila idhini yake. Nimeliingiza hili kwa sababu waimbaji ndio wanaozushiwa kwanza, na kujua kwamba sheria iko upande wako kunakupunguzia haja ya kudanganya.

Basi, mambo ya Bagamoyo. Ukuta wa Garden Lodge hapa hauna kazi. Mji ni mdogo, bodaboda anajua kwenu, muuza samaki anajua bibi yako. Huwezi kuficha unakoishi, kwa hiyo usipoteze nguvu huko. Unachoweza kulinda ni saa na mada.

Saa: kuwa na laini mbili za simu. Ya kazi wape mapromota, mashabiki na waandishi, na uizime saa tatu usiku kwa siku zisizo na onyesho. Ya nyumbani wape watu wasiozidi kumi. Picha za mahali usizirushe ukiwa bado upo hapo, zirushe ukishaondoka. Picha za nyumbani zisioneshe uso wa mama wala wadogo zako bila wao kukubali, hata kwenye status ya WhatsApp, maana status ndiyo inayopigwa picha na kusambaa.

Mada: kaa na wenzako wa bendi mwandike mambo matatu ambayo hamtajibu kwa mtu yeyote, kwa mfano mapenzi, afya na ugomvi wa ndani ya bendi. Kisha mkubaliane sentensi moja ya kukataa, fupi na ya heshima, kama "Hilo ni la nyumbani, naomba tuzungumze muziki." Wote muiseme vile vile. Kinachoharibu ni mpiga besi kujibu anachojua wakati mwimbaji amekataa kujibu. Mwandishi akirudia swali, rudia sentensi ile ile bila kuongeza neno. Mara ya tatu atahamia kwingine.

Jina la jukwaani, kama bado huna, lichague sasa. Lakini ukijisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na ukisajili nyimbo COSOTA (ofisi ya hakimiliki), hakikisha la kwenye kitambulisho na la jukwaani yote mawili yameandikwa, na la kwenye kitambulisho linafanana na la akaunti yako ya benki. Mirabaha ikikwama, mara nyingi imekwamia kwenye jina.

Kuhusu mama, usimpeleke kwanza kwenye onyesho la usiku. Mwalike mchana mnapojaribu mitambo, saa tisa au saa kumi, ukiwa umevaa dera lako na kandambili. Mweke karibu na fundi mitambo, ambako sauti inasikika sawa, mbali na spika kubwa. Mwambie mapema wimbo upi utanguruma na kwa nini unanguruma pale. Aone unavyorudia mstari mmoja mara nane kwa sababu noti imeteleza, aone unavyomwomba mpiga ngoma apunguze, aone begi la vazi bado limefungwa. Siku ya onyesho akitaka kuja, mpe kiti pembeni, na mtu wa kumrudisha nyumbani kabla ya wimbo wa mwisho kama amechoka. Asipotaka kuja, usimlazimishe, ila urudi nyumbani saa uliyomwambia.